Ukabaji wa hatari katika mpira wa Australia: maswali na majibu kwa wazazi

Kuna familia za Wakongo, Warundi na Wanyarwanda zilizohamia Melbourne, Adelaide na Perth ambazo kila mwisho wa wiki husimama kando ya uwanja wenye umbo la yai, zikimtazama mtoto akicheza mchezo ambao baba hakukulia na mama bado anaulizia kanuni zake. Nyumbani nako runinga haiachi kubishana: fulani kambwaga fulani, afungiwe mechi ngapi? Ukipita sebuleni utadhani ni ubishi wa kijiweni. Kaa usikilize kidogo, utakuta wanazungumzia ubongo, na wanachokisema kinamhusu hata mtoto wa miaka 12 anayecheza klabu ya mtaani.

Kwanza, huu mpira ni upi? Mimi naona kama raga.

Ni mchezo wake wenyewe. Kila upande una wachezaji 18 uwanjani, robo nne za dakika 20, na saa husimamishwa mchezo unaposimama, kwa hiyo robo moja inaweza kufika nusu saa. Mpira una umbo la yai. Unaupiga kwa mguu, au unaushika kwa kiganja kimoja na kuupiga ngumi kwa mkono mwingine. Kuurusha ni kosa.

Mwenye mpira anaruhusiwa kukabwa. Na kukaba huku si kule kwa beki wa soka anayemfuata mshambuliaji kama kivuli, wala si roba ya mbao ya vibaka. Ni kumkumbatia mtu na kumwangusha, ilimradi umshike chini ya mabega na juu ya magoti. Kama alikuwa na nafasi ya kuutoa mpira na hakuutoa, refa anapuliza kipenga na mkabaji anapewa mpira wa adhabu.

Sentensi hiyo ya mwisho ishike vizuri, maana ndiyo chanzo cha kila kitu. Njia ya uhakika ya kumzuia mtu asiutoe mpira ni kumbana mikono. Kanuni yenyewe inamlipa anayebana mikono.

Ukabaji unakuwa wa hatari wakati gani?

Mwongozo wa ligi kuu, AFL, unataka yaangaliwe mambo kadhaa. Je, mkabaji alifanya tendo zaidi ya moja, yaani alimkamata mtu kisha akaongeza kumzungusha? Je, namna yenyewe ni ya hatari tangu mwanzo, kama kumwinua mtu na kumchomeka kichwa chini? Je, aliyekabwa alikuwa hana namna ya kujikinga, hasa mkono mmoja au yote miwili ikiwa imebanwa? Na je, alibwagwa au kusukumizwa ardhini kwa nguvu kupita kiasi? Si lazima yote yakutane. Mikono iliyobanwa na mzunguko mmoja vinatosha.

Kwa nini mnaisisitiza sana mikono?

Ukijikwaa barabarani, mikono inatangulia kabla hata hujajua kwamba unaanguka. Kiganja kinapokea, kiwiko kinakunjika, bega linazunguka, na kila kiungo kinakula sehemu yake ya kishindo. Utachubuka, pengine utavunja kifundo cha mkono, lakini kichwa hakifiki chini, au kinafika kikiwa kimechoka.

Sasa mfunge mtu mikono yote ubavuni, mzungushe, mwachie. Hana breki. Bega linapiga ardhi, na kichwa kinafuata kama nyundo iliyo kwenye mpini. Shingo ya mtoto haina nguvu ya kukizuia. Hata ya mtu mzima aliyeshtukizwa mara nyingi hushindwa.

Ndani ya fuvu, ubongo ni kitu laini kinachoelea kwenye maji. Pigo la moja kwa moja lina ubaya wake, lakini kinachoumiza sana ni kule kugeuka ghafla. Fuvu linageuka na kusimama, ubongo unachelewa kulifuata, na nyuzi ndefu za seli za neva zinavutika na kujinyonga. Potasiamu inatoka ndani ya seli, kalsiamu inaingia, na seli inatumia nguvu nyingi kurudisha mizani wakati huohuo damu inayoletwa imepungua. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Ni kama simu ambayo kioo hakijapasuka ila betri imekufa.

Ndiyo maana pia picha ya CT huwa inatoka safi. Mashine ile inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, na majeraha hayo ni ya kutisha zaidi. Seli zilizoishiwa nguvu haizioni. Daktari akikwambia picha haina kitu, usielewe kwamba mtoto hana kitu.

Mwanangu hakuzimia. Si basi hakupata mtikisiko?

Wengi mno wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Tazama mambo mengine: anashika kichwa, anayumba akiinuka, macho yamekodoa kama hayaoni mtu, anauliza swali lilelile mara tatu, hakumbuki nani kafunga goli la mwisho, anajibu polepole, anakuwa mkali bila sababu au analia. Dalili nyingine huja saa kadhaa baadaye: kichwa kinauma, mwanga unamkera, kichefuchefu, usingizi umevurugika, Jumatatu darasani anasoma mstari mmoja mara nne. Na watoto huficha. Mtoto anayetaka kurudi uwanjani atakudanganya usoni bila hata kupepesa.

Adhabu ya mkabaji inapangwaje?

Baada ya kila raundi, ofisa wa AFL anapitia video. Anajiuliza mambo matatu: ilikuwa kwa makusudi au kwa uzembe, kishindo kilikuwa kidogo, cha kati, kikubwa au kikubwa mno, na mguso ulikuwa mwilini au kichwani. Kisha anasoma jedwali. Uzembe wenye mguso wa kichwani na kishindo kidogo ni faini. Kishindo cha kati, mechi moja. Kikubwa, mechi mbili. Kikubwa mno, mchezaji anapelekwa mbele ya baraza la nidhamu na adhabu inaanzia mechi tatu. Akiona ameonewa, juu ya baraza kuna bodi ya rufaa.

Kama jedwali lipo, wanabishania nini?

Wanabishania kile kipimo cha kishindo, maana kwa kiasi kikubwa kinategemea aliyeanguka aliumia vipi.

Chukua mwaka 2017. Patrick Dangerfield wa Geelong, aliyekuwa ameshinda medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, mwaka uliotangulia, alimbana mikono Matthew Kreuzer wa Carlton na kumwangusha. Kreuzer akapata mtikisiko. Dangerfield akafungiwa mechi moja, na kwa kuwa medali ile haipewi mchezaji aliyefungiwa, mbio zake za kuitwaa tena zikaishia pale. Wiki iliyofuata Brodie Grundy wa Collingwood akamkaba Ben Brown wa North Melbourne, naye akaumia kichwa. Grundy akapata mechi mbili. Kuna waliosema huo ulikuwa ukabaji wa kufundishia. Mwaka 2023 Nathan Broad wa Richmond alimbwaga Patrick Parnell wa Adelaide kwa kumzungusha, akapewa mechi nne, na safari hiyo waliomtetea walikuwa wachache, kwa sababu mzunguko ule ulionekana hata kwa asiyejua mchezo.

Halafu ikaja 2024, ambayo ndiyo inayonikuna kichwa. Mwezi Aprili Charlie Cameron wa Brisbane alitakiwa kukosa mechi moja kwa kumkaba Jake Lever wa Melbourne. Baraza likaangalia rekodi yake safi ya miaka yote, likamwachia kwa faini. Julai, Cameron huyohuyo akamkaba Liam Duggan wa West Coast, na katika raundi hiyohiyo Toby Bedford wa GWS akamkaba Tim Taranto wa Richmond. Duggan na Taranto wote wawili walipata mtikisiko. Cameron na Bedford wakapewa mechi tatu kila mmoja, baraza likashikilia, na siku chache baadaye bodi ya rufaa ikawafutia wote wawili.

Jiweke kwenye nafasi ya kocha wa watoto wa miaka 13 anayetakiwa Jumanne jioni aeleze somo la wiki ile.

Wanaotetea wachezaji wana hoja, na si ya kubeza: mkabaji ana nusu sekunde, wote wawili wako mbioni, aliyekabwa naye anajinasua na kujipinda, na hakuna anayeweza kuamua mwenzake atatua kwa bega au kwa kisogo. Mtu afungiwe wiki tatu kwa bahati mbaya?

Kwangu mimi tatizo liko kwenye mizani yenyewe. Dereva anayepita kasi mbele ya shule analimwa faini hata kama siku hiyo hakugonga mtoto. Kubana mikono yote miwili na kuongeza mzunguko ni kosa lilelile, aliyebwagwa ainuke akicheka au abebwe kwa machela. Kanuni za AFL zinaruhusu daraja la kishindo lipandishwe kwa kuangalia madhara ambayo yangeweza kutokea, na mlango huo ungetumika zaidi, hata vile vifungo virefu vya baada ya majeraha vingeonekana vya haki zaidi. Hivi sasa mchezaji anayebwaga watu kumi na wote wakainuka hujihesabu kuwa mkabaji mzuri.

Mjomba wake anasema zamani walibwagwa kila wiki na wako wazima. Siku hizi watoto wanadekezwa.

Mjomba anajihesabu yeye aliyebaki. Graham Farmer, mmoja wa magwiji wakubwa kabisa wa mchezo huu, alifariki mwaka 2019. Mwaka uliofuata akatangazwa kuwa mchezaji wa kwanza wa mpira wa Australia kukutwa na CTE, ugonjwa unaoharibu ubongo polepole na unaohusishwa na mapigo ya kichwa yaliyorudiwa miaka mingi. Danny Frawley, aliyefariki mwaka huohuo wa 2019, alikutwa nao. Shane Tuck alifariki 2020 akiwa na miaka 38, naye akakutwa nao, tena umekomaa. Heather Anderson, aliyecheza ligi ya wanawake akiwa Adelaide, alifariki 2022 akiwa na miaka 28. Alikuwa mwanamichezo wa kwanza wa kike wa kulipwa duniani kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huo.

CTE huthibitishwa baada ya kifo tu, kwa kuupasua na kuuchunguza ubongo. Katika Australia kazi hiyo inafanywa na benki maalumu ya ubongo wa wanamichezo iliyoanzishwa Sydney mwaka 2018. Na si kila aliyecheza ataupata. Kinachoonekana kuwa na uzito ni jumla ya mapigo ya miaka yote, pamoja na yale madogo yasiyoleta dalili yoyote siku hiyo. Kwa hiyo mazoezi ya katikati ya wiki nayo yanahesabika, hata kama hayaonyeshwi runingani.

Hizi adhabu zinabadilisha chochote, au ni kelele tu?

Zinabadilisha namna ya kukaba. Makocha wanafundisha kuachia mkono mmoja ukishahisi mtu anakwenda chini, kujishusha naye badala ya kumtupa, kugeuza mwili wako uanguke wewe chini yake. Ukitazama mechi kwa makini utaona wachezaji wakimshikilia mtu wima, wakingoja kipenga.

Lakini kungoja kipenga kunategemea refa. Akichelewa kupuliza, mkabaji anajiambia lazima amalize kazi, na kumaliza kazi ndiko kunakobwaga watu. Katikati ya msimu wa 2024 AFL iliwaagiza waamuzi wafupishe muda wa kusubiri mwenye mpira auachie. Mashabiki waliliona kama suala la kasi ya mchezo. Kwa jicho la afya, kipenga cha mapema kinaokoa vichwa vingi pengine kuliko kifungo cha mechi tatu, kwa kuwa kinakuja kabla ya kishindo.

Mtoto wangu amebwagwa sasa hivi. Nifanye nini?

Anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa, hata ikiwa fainali. Ubongo uliokwisha kutikisika ukipata pigo la pili unaweza kuumia vibaya zaidi, na kwa vijana kuna hali adimu ya ubongo kuvimba ghafla ambayo huua.

Kama analalamika shingo, usimwinue, usimgeuze, usimvue kitu. Na tafadhali, asitokee shangazi wa kumkanda au kumnyoosha shingo. Ngojeni gari la wagonjwa.

Piga 000 au mkimbize hospitali ukiona mojawapo ya haya: anatapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua, degedege, anaona vitu viwiliviwili, mkono au mguu umelegea au una ganzi, anazidi kuchanganyikiwa, anasinzia na haamshiki vizuri, alizimia. Kama Kiingereza kinakukwama, huduma ya taifa ya wakalimani inapatikana kwa 131 450. Waambie unataka mkalimani wa Kiswahili. Kwa dharura anza na 000, mkalimani baadaye. Bila dalili hizo bado apelekwe kwa daktari, leo au kesho.

Ni kweli asiachwe alale?

Hilo tumelirithi kutoka kwa bibi zetu. Akishaonwa na daktari na hana dalili za hatari, mwache alale, usingizi unamsaidia. Asilale peke yake usiku wa kwanza, na kama daktari amekuagiza umwamshe, mwamshe. Panadol inafaa kwa maumivu. Aspirini na Brufen aziache siku za mwanzo, maana zinaweza kuongeza kuvuja damu kama ipo. Dawa za usingizi hapana. Kijana mkubwa asinywe pombe wala asiendeshe gari.

Atarudi lini kucheza?

Siku moja au mbili za mwanzo apumzike, simu na runinga apunguze. Kumfungia kwenye chumba cha giza wiki nzima hakusaidii. Baada ya hapo atembee, aendelee na shule kidogo kidogo. Shule kwanza, mpira baadaye.

Kwa vijana na klabu za jamii, mwongozo uliotolewa mwaka 2024 na Taasisi ya Michezo ya Australia unasema apite siku 14 bila dalili yoyote kabla ya kuanza tena mazoezi ya kugongana, na asicheze mechi kabla ya siku 21 kupita tangu alipoumia. Ligi kuu ina kiwango cha chini cha siku 12. Ukiambiwa na mtu kwamba "hata wa AFL wanarudi baada ya wiki mbili", mjibu kwamba wale wana madaktari wanaowapima kila siku, na ubongo wao umekwisha kukua.

Na hata huko juu hukosea. Mwaka 2023 Aliir Aliir wa Port Adelaide, beki aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, aligongana vichwa na mchezaji mwenzake. Alirudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili cha mtikisiko. AFL ikaipiga klabu faini ya dola 100,000. Kama klabu yenye madaktari, kamera na video kando ya uwanja inaweza kupitiwa, mzazi anayesimama pale na chupa ya maji ana haki ya kusema hapana.

Kofia laini ya kichwani inasaidia?

Inazuia kuchanika na kuchubuka. Mtikisiko haizuii, kwa sababu haizuii ubongo kugeuka ndani ya fuvu. Kinga ya meno anunuliwe. Angalau meno yatabaki.

Nimuulize kocha nini?

Muulize anafundisha vipi kukaba, na umwombe akuonyeshe mkono unaachiwa wakati gani. Muulize mazoezi yenye kugongana ni mara ngapi kwa wiki. Muulize nani, kwa jina, anayeamua mtoto atoke akiumia kichwa, na kama mtu huyo anaweza kukataliwa na kocha. Akianza kuzungukazunguka kwenye swali la tatu, utakuwa umeshajibiwa.

Baba yake anataka tumhamishie soka.

Mhamisheni kama mtoto anataka. Huko hakuna kubwagwa, ila kuna vichwa viwili vinavyorukia krosi moja, na dalili zote nilizozitaja mtazihitaji palepale.